MAZUNGUMZO YA MAFUNZO: MHUDUMU NA MTEJA MWENYE HASIRA

Uandishi wa kiuamilifu na isimujamii

Malengo

Kufikia mwisho wa somo hili, uweze:
(a) kubuni tukio la mafunzo lenye mgogoro unaoaminika;
(b) kuandika mazungumzo kwa sura inayotakiwa na mtahini;
(c) kutambua sifa za sajili ya huduma kwa wateja.

Utangulizi

Mtahiniwa, swali la kwanza katika Karatasi ya 1 (102/1) ni la lazima, nalo lina alama 20. Hapo ndipo hutahiniwa tungo za kiuamilifu, mazungumzo yakiwemo. Watahiniwa wengi huyaona mazungumzo kuwa mepesi. Huandika salamu nusu ukurasa, wahusika wakakubaliana kwa kila jambo, kisha wakaagana. Tungo ya aina hiyo haina uhai, kwa sababu hakuna mhusika anayetaka kitu ambacho ni vigumu kukipata.

Kuna sababu nyingine ya kulisoma somo hili kwa makini. Baada ya mtihani, wengi wenu mtapata kazi ya kwanza mbele ya watu: kwenye kibanda cha pesa kwa simu, kaunta ya duka, mapokezi ya hospitali au mkahawani. Siku moja atasimama mbele yako mtu aliyepoteza pesa, ameghadhabika, na foleni nzima inawatazama. Utakuwa na sekunde chache tu za kuchagua neno.

Kwa nini mafunzo haya huigizwa?

Mhudumu anapofokewa, moyo humwenda mbio, pumzi huwa fupi na sauti hupanda. Mwili umejitayarisha kupigana au kukimbia. Wakati huo, tangazo la ukutani linalosema "Mteja ni mfalme" halimfai kitu. Linalomjia ni lile alilozoea kulitenda. Kwa sababu hiyohiyo, marubani hufanya mazoezi ya dharura katika mitambo ya kuigiza safari kabla ya kubeba abiria.

Mwanasaikolojia Donald Meichenbaum aliyapanga mafunzo ya kukabili mfadhaiko katika hatua tatu: kwanza, mtu aelewe jinsi mfadhaiko unavyomwathiri; pili, ajifunze stadi na kuzirudiarudia; tatu, azitumie katika hali zinazozidi kuwa ngumu. Aliyalinganisha na chanjo: dozi ndogo leo, kinga kesho.

Msomi mwingine, Arlie Hochschild, aliwachunguza wahudumu wa ndege nchini Marekani na kuchapisha kitabu *The Managed Heart* mwaka wa 1983. Alionyesha kwamba kuzitawala hisia mbele ya wateja ni kazi kamili, nayo huchosha kama kazi nyingine yoyote. Hivyo basi, mafunzo mazuri humfunza mhudumu kutulia, na pia humwonyesha mpaka: akitishiwa kupigwa, amwite msimamizi au mlinzi.

Mteja naye ana haki zake. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa haki ya huduma za ubora unaofaa na haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike na huduma hizo. Mhudumu anayejibu "sijui" na kugeuza uso anamnyima mteja jambo ambalo sheria inamkubalia.

Hatua tano za kubuni tukio

1. *Chagua tatizo la kila siku.* Usiwaze jambazi mwenye bunduki. Pesa zilizotumwa kwa nambari isiyo sahihi, stakabadhi iliyopotea au foleni isiyosonga yanatosha.
2. *Mpe mteja sababu.* Hasira bila sababu ni kichekesho. Atapoteza nini asipohudumiwa? Mzigo? Karo? Nauli?
3. *Mwekee mhudumu kikwazo.* Awe hawezi kutimiza linalotakiwa moja kwa moja. Hapo ndipo utulivu wake unapopimwa.
4. *Pandisha hasira ngazi kwa ngazi.* Ianze na sauti ya juu, ifuatwe na shutuma, kisha kitendo kama kupiga meza. Ikianzia kileleni, huna pa kuipeleka.
5. *Acha nafasi ya tathmini.* Baada ya igizo, wanaofunzwa wajadili kauli gani ilipunguza moto na ipi ingeuchochea.

Swali la kielelezo

*Wewe ni msimamizi wa mawakala wa pesa kwa simu katika soko la Kongowea, Mombasa. Umegundua kwamba wahudumu wapya hujibizana na wateja wenye hasira. Andika mazungumzo yatakayotumiwa kuwafunza jinsi ya kudumisha utulivu. (Alama 20)*

Jibu la kielelezo (limefupishwa)

MAZUNGUMZO KATI YA MHUDUMU NA MTEJA ALIYETUMA PESA KWA NAMBARI ISIYO SAHIHI

(Ni saa tatu asubuhi katika kibanda cha wakala. Mteja, mama wa makamo, anapenya hadi mbele ya foleni akiwa ameshika simu.)

MTEJA: (Kwa sauti ya juu) Wewe kijana! Nirudishie pesa zangu sasa hivi!

MHUDUMU: (Anavuta pumzi, anaweka kalamu chini) Shikamoo, mama. Kumetokea nini?

MTEJA: Sikuja kuamkiwa! Elfu nne na mia tano zimekwenda kwa mtu nisiyemjua. Ni pesa za mwenye lori la viazi. Nyinyi ni wezi!

MHUDUMU: Elfu nne na mia tano, tena za mzigo! Pole sana, mama. Umezituma saa ngapi?

MTEJA: Hata robo saa haijapita. Nimekosea tarakimu ya mwisho. Wewe ndiye wakala, zirudishe!

MHUDUMU: Sitakuficha, mama. Mimi siwezi kuzirudisha kutoka hapa. Wewe mwenyewe unaweza kuomba zirudishwe, nami nitakuonyesha njia sasa hivi.

MTEJA: (Anapiga meza) Huwezi? Basi kazi yako nini? Kula ada zetu tu!

MHUDUMU: (Polepole, kwa sauti ya chini) Una haki ya kukasirika. Mpokeaji akizitoa, itakuwa vigumu kuzipata, kwa hiyo tufanye haraka. Ule ujumbe wa M-Pesa wa kuthibitisha bado unao?

MTEJA: (Anatazama simu) Huu hapa.

MHUDUMU: Usiufute. Upeleke wote kama ulivyo kwa nambari 456. Shika simu yako mwenyewe, nami nikuelekeze. Nambari yako ya siri usinitajie mimi wala mtu mwingine yeyote.

MTEJA: (Anabonyeza, vidole vikitetemeka) Nimepeleka. Sasa?

MHUDUMU: Sasa tusubiri majibu. Siwezi kukuahidi kwamba zitarudi, ila ombi lako limefika panapohusika. Kwa nini tusimpigie mwenye lori umweleze?

MTEJA: (Anashusha pumzi) Alisema nisipolipa kufikia saa nne anampa mtu mwingine mzigo.

MHUDUMU: Basi mpigie kabla ya hiyo saa nne. Kaa hapa kivulini, mama. (Kwa walio kwenye foleni) Samahanini, ndugu zangu, nawahudumia sasa hivi.

MTEJA: Nimekuita mwizi mbele za watu, mwanangu. Niwie radhi.

MHUDUMU: Yameisha, mama. Mpigie.

(Mteja anaweka simu sikioni. Mhudumu anamgeukia anayefuata kwenye foleni.)

Uchanganuzi

Tazama mambo haya katika jibu hilo:

- *Kuvuta pumzi na kuweka kalamu chini.* Maelezo mafupi ya mabano yanaonyesha stadi yenyewe. Mhudumu anajituliza kabla ya kumtuliza mwenzake.
- *Kurudia kiasi cha pesa.* Mteja anajua amesikika. Mtu aliyesikika hana haja ya kupaza sauti.
- *Kutolijibu tusi.* Neno "wezi" linapita bila kuokotwa. Wahenga walisema hasira za mkizi furaha ya mvuvi. Mhudumu huyu anakataa kuwa mkizi.
- *Ukweli.* Anasema asiloweza, kisha papo hapo anasema linalowezekana. Angeahidi kwamba pesa zitarudi, angenunua utulivu wa dakika tano na ugomvi wa siku nzima.
- *Mwisho ulio wazi.* Hatujui kama pesa zilirudi. Lengo la tungo ni utulivu, nalo limetimia.

Sasa jaribu tawi la pili. Mteja anapopiga meza, mhudumu ajibu: "Mimi ndiye niliyekutuma ubonyeze ovyo?" Andika kauli nne zinazofuata. Utaona mazungumzo yanavyoliacha tatizo la pesa na kugeuka kuwa vita vya heshima. Katika mafunzo halisi, matawi yote mawili huigizwa, kisha hulinganishwa. Anayeigiza mhudumu huulizwa kwanza: Ulihisi nini? Ni kauli gani iliyokuudhi zaidi? Ni nini kilichokusaidia? Wenzake husema baada yake.

Makosa ya kuepuka

1. Kutumia alama za mtajo. Katika mazungumzo, andika jina la msemaji kwa herufi kubwa, kisha nukta mbili, kisha kauli.
2. Kuandika kama hadithi: "Mhudumu alisema kwamba..." Ukifanya hivyo utakuwa umepotoka kisura.
3. Kumfanya mteja abadilike ghafla. Hasira ishuke kama ilivyopanda, ngazi kwa ngazi.
4. Kumgeuza mhudumu kuwa mhubiri. Kauli ndefu za nasaha humkera mteja na mtahini pia.
5. Kusahau umri na uhusiano. Kijana humwita mteja huyu "mama", naye hulainika hadi kusema "mwanangu". Badiliko hilo dogo linaonyesha utulivu kuliko maelezo marefu.
6. Kuandika chini ya maneno 400. Jibu lililo hapo juu ni kielelezo tu. Katika mtihani ongeza kauli na maelezo ya mazingira hadi utimize idadi.

Uhusiano na isimujamii

Katika Karatasi ya 2 (102/2), sehemu ya isimujamii ina alama 10. Mazungumzo kama haya yanaweza kutolewa, ukaulizwa utambue sajili na utaje sifa zake. Sifa ambazo zinadhihirika hapa ni:

- msamiati maalumu: *wakala, ada, kutuma, kutoa, nambari ya siri*;
- lugha ya adabu: *shikamoo, samahanini, niwie radhi*;
- lugha ya kuliwaza: *pole sana, mama*;
- kauli za kuelekeza: *usiufute, upeleke, mpigie*;
- majibizano ya papo kwa papo na sentensi fupi;
- ishara za mwili: *kupiga meza, kushusha pumzi*.

Kumbuka: kila sifa iandamane na mfano kutoka kwenye kifungu. Sifa isiyo na mfano haikamilishi jibu.

Mazoezi

1. Mgonjwa amesubiri tangu alfajiri katika zahanati, kisha anaambiwa dawa zimekwisha. Andika mazungumzo kati yake na karani wa mapokezi, yatakayotumiwa kuwafunza makarani. (Alama 20)
2. Eleza kwa nini mhudumu katika kielelezo alikataa kutajiwa nambari ya siri. (Alama 2)
3. "Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi." Onyesha jinsi methali hii inavyohusiana na kazi ya mhudumu. (Alama 4)
4. Taja sifa tatu za sajili ya huduma kwa wateja ambazo hazipatikani katika sajili ya mahakamani. (Alama 3)

*Kidokezo:* Kwa swali la kwanza, rudia hatua tano kabla ya kuandika. Kisha tafuta mwenzako muyaigize mazungumzo yenu kwa sauti. Kauli itakayokwama mdomoni ikatwe; hakuna mhudumu atakayeweza kuitamka akiwa mbele ya mtu anayefoka.