SOMO: UNYUMBUFU WA NYUZI ZA SAUTI NA JINSI UNAVYOPIMWA



Ndugu wanafunzi na wazazi wetu wapenzi, kila sifa njema ni ya Allah (s.w.), aliyemneemesha mwanadamu kwa ulimi na sauti. Kila siku madrasani tunahimizana kuitamka kila herufi kutoka katika makhraj yake. Katika somo hili tutakitazama chombo chenyewe kinachotoa sauti, tuone unyumbufu wake unavyopimwa, kisha tujue namna ya kukitunza.

1. Sauti inatoka wapi?

Wekeni kiganja kooni, mtamke sin (س) kwa kuivuta, kisha zay (ز). Zote mbili zinatoka kwenye ncha ya ulimi, lakini kwa zay koo linatetemeka na kwa sin halitetemeki. Ndiyo maana katika tajwidi sin imo katika hams na zay katika jahr.

Kinachotetemeka ni nyuzi za sauti zilizomo ndani ya zoloto. Tunaziita nyuzi, lakini hasa ni mikunjo miwili ya nyama laini. Pumzi ikipanda kutoka mapafuni huisukuma ikaachana, na unyumbufu wake pamoja na mwendo wa pumzi huirudisha ikakutana tena. Mwanamume mzima akizungumza, jambo hilo hutokea takriban mara 120 kwa sekunde; mwanamke takriban mara 200; na mtoto mdogo karibu mara 300.

Elimu hii si ngeni kwa Waislamu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliandika risala kuhusu sababu za kutokea kwa herufi, na humo akaeleza umbo la zoloto na magegedu yake.

2. Unyumbufu unapimwaje?

Unyumbufu ni hali ya kitu kuvutika na kurudi kama kilivyokuwa. Mfano tunao hapa bondeni kwetu Kilombero: utomvu wa miti ya mpira ya shamba la Kalunga ndio unaotengenezewa mpira.

Chukueni ukanda wa tyubu ya baiskeli wenye upana wa milimita 20 na unene wa milimita 1. Utundikeni, mpime urefu wake, tuseme sentimita 20. Fungeni chini yake mfuko wa mchanga wa kilo 1, ambao huvuta kwa nguvu ya takriban niutoni 10. Tuseme sasa urefu umekuwa sentimita 30. Hesabu yake ni hii:

(a) Mkazo: nguvu kugawa kwa eneo la ukanda, yaani niutoni 10 kwa milimita za mraba 20, ni paskali 500,000.
(b) Mvutiko: nyongeza kugawa kwa urefu wa mwanzo, yaani 10 kwa 20, ni 0.5.
(c) Kipimo cha ugumu: mkazo kugawa kwa mvutiko, ni paskali 1,000,000.

Wataalamu hufanya vivyo hivyo kwa nyuzi za sauti, ila kwa uangalifu mkubwa zaidi. Kipande kidogo kutoka kwa mnyama au maiti huwekwa katika maji ya chumvi yenye joto la nyuzijoto 37, kama mwilini. Ncha moja huvutwa na mashine, mbele na nyuma, na nyingine huunganishwa na kifaa cha kupima nguvu. Njia nyingine ni kukiweka kipande kati ya sahani mbili, moja ikazungushwa kidogo sana kwenda na kurudi.

Matokeo yake ni ya ajabu. Ukivutwa kidogo, uzi wa sauti una ugumu wa makumi ya maelfu ya paskali tu, yaani ni laini mara nyingi kuliko ule ukanda wetu. Ukizidi kuvutwa, hukaza haraka. Kwa sababu hiyo tunaweza kupandisha sauti na kuishusha. Mwaka 1974 Minoru Hirano wa Japani alieleza kwamba uzi huu una tabaka: juu ni laini kama uji mzito, ndani ni msuli.

3. Sauti ya msitu wa Sanje

Mwaka 1979 watafiti Katherine Homewood na Alan Rodgers walisikia katika msitu wa juu ya Sanje mlio mkubwa wa kima ambaye wataalamu hawakuwa wamemwandika. Wenyeji walikwishamjua. Leo anajulikana duniani kama mangabei wa Sanje, na haishi popote ila katika milima ya Udzungwa. Alitambuliwa kwanza kwa sauti!

Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba nyani na kima waliochunguzwa wana utando mwembamba juu ya nyuzi zao za sauti, nao huifanya milio yao iruke na kukwaruza. Mwanadamu hana utando huo, ndiyo maana sauti yake inaweza kutulia katika madda ndefu bila kuyumba. Tumshukuru Mola wetu.

4. Tuitunze amana hii

Mtoto akisoma kwa saa moja, na sauti ikatoka nusu ya muda huo kwa mitetemo 250 kwa sekunde, nyuzi zake hugongana mara 450,000. Akipiga kelele, hugongana kwa nguvu zaidi. Tabaka laini huvimba, na baadaye huweza kuota vinundu; hapo uzi huwa mgumu na sauti hukauka. Kwa hiyo:

- Tusishindane kwa kelele tunapohifadhi. Luqman alimuusia mwanawe ashushe sauti yake.
- Tunywe maji ya kutosha, tujiepushe na moshi.
- Sauti ikikauka, tuipumzishe. Ikipita wiki tatu bila kupona, mzazi ampeleke mtoto hospitali.
- Mvulana anayebalehe, nyuzi zake zinarefuka na kunenepa. Walimu na wazazi tusimlazimishe kusoma kwa sauti ya juu ya utotoni kwa ajili ya mashindano. Mashindano yatarudi mwakani. Sauti iliyoharibika huenda isirudi ilivyokuwa.

Zoezi: Rudieni jaribio kwa kilo 2. Je, ukanda umerefuka mara mbili? Andikeni hesabu yenu mumwoneshe ustadhi.

Wabillahi tawfiq.