Kufuli la kivinjari linathibitisha nini?

SWALI: Ninauza vitenge mtandaoni. Fundi wangu anataka nilipie cheti cha kidijitali kila mwaka, ila nasikia vipo vya bure. Je, vya bure ni dhaifu? Na nikiwa nacho, mteja ana hakika hatatapeliwa?

JIBU: Si dhaifu. Let's Encrypt, inayotoa vyeti vya bure tangu 2015, hailindi mawasiliano pungufu ya vile vya kulipia. Cheti chake cha kawaida hudumu siku 90, basi fundi aweke programu ya kukihuisha chenyewe. Kikipitwa na muda, kivinjari kitawatisha wateja kabla hawajaona hata kitenge kimoja.

Kuhusu utapeli, hapana. Kufuli ambalo cheti huleta kwenye kivinjari linaonyesha kwamba mteja amefika kwenye anwani iliyoandikwa pale juu na kwamba wa njiani hasomi anachotuma. Halisemi mwenye anwani ni mwaminifu. Matapeli nao hupata vyeti.

Uzito wote uko kwa mamlaka inayotoa cheti na kukitia saini. Mwaka 2011 wadukuzi waliingia DigiNotar, mamlaka ya aina hiyo ya Uholanzi, wakajitengenezea mamia ya vyeti bandia, kikiwamo cha Google kilichotumika kuwapeleleza watu nchini Iran. Vivinjari viliacha kuiamini, na Septemba mwaka huohuo ikafilisika. Siku hizi vyeti huandikwa kwenye daftari za wazi: ingia crt.sh, tafuta anwani ya duka lako, uone nani ametoa cheti kwa jina lako.

Na ule ufunguo wa siri wa seva unaoendana na cheti, tafadhali, usiutume kwa WhatsApp, hata kwa fundi.