Kumpokea Binti Aliyerudi

Zamani misafara ya watumwa ilipita katika nchi hii ya Usagara. Siku hizi binti wa Kilosa au Mikumi huahidiwa kazi ya nyumbani mjini. Hafungwi mnyororo, hunyimwa ujira na nauli ya kurudi. Sheria ya mwaka 2008 yakataza jambo hilo, na huko Mwanza chama cha WoteSawa huwapa mabinti wa namna hii makao.

Je, arudipo kwetu? Walimu wengine humwita ashuhudie mbele ya usharika, wakidhani wamtukuza Mungu. Haifai kabisa! Kidonda kifunuliwacho kila Jumapili hakiponi. Wanawake wa usharika na wamtafutie shamba au cherehani. Akipenda kusema habari zake, na achague mwenyewe wa kumwambia. Naye mwalimu aliyeambiwa asizipeleke kwa wazee bila ruhusa yake.