NAMBA YA MASHINI SI DENI LA KULIPA



Mwenzetu mmoja wa miaka 47 alitoboa mwamba kwa miaka mingi. Kisha akapewa kazi ya kuandika vyombo katika depo. Akawa mtu wa kiti. Bugali ulibaki uleule wa wakati wa kutoboa, lakini jasho liliisha. Baada ya miaka mitatu mkanda wake ulihitaji tundu jipya.

Wenzake walimcheka. Akaenda kulipia chumba cha mazoezi mjini, akapanda baiskeli ile isiyotembea, akajiwekea lengo: kalori 600 kila jioni, hata iweje. Alikuja kuniambia kwa furaha. Nami ninakiri mbele yenu: nilimsifu tu, sikumpima tansio.

Siku ya nne, namba ilipofika 480, kifua kilimbana na macho yakaingia giza. Hakushuka.

«Muganga,» aliniambia kesho yake, «zilibaki 120 tu. Niliona haya kuziacha.»

Nilimpima. Tansio ilikuwa 18 kwa 11.

«Papa,» nilimjibu, «mashini haikukudai kitu. Ungekufa kwa deni ambalo halipo.»

Nilimpeleka kwa daktari siku ileile. Leo anameza dawa zake, na amerudi katika mazoezi kwa njia nyingine. Njia hiyo ndiyo somo letu.

KALORI NI NINI?

Kalori ni kipimo cha moto, kama vile kilo ni kipimo cha uzito. Kalori moja ya chakula ni moto unaotosha kuongeza joto la litre moja ya maji kwa digri 1. Chakula kinaleta moto huo mwilini, na mwili unautumia usiku na mchana: kupumua, kusukuma damu, kufikiri, kutembea. Hata mtu aliyekaa tu anatumia karibu kalori moja kwa kila kilo yake katika saa moja. Mtu wa kilo 80 anatumia karibu 80 kwa saa bila kufanya kitu.

MASHINI INAHESABU NAMNA GANI?

Mashini haioni ndani ya mwili wako. Inajua mwendo, mteremko au ugumu wa kukanyaga, na uzito ulioiandikia. Usipoiandikia uzito, inamhesabia mtu isiyemjua. Ukishika vyuma vya pembeni na kuegemea, unapunguza kazi, lakini namba inaendelea kupanda. Tena, mashini nyingi zinachanganya ndani ya hesabu zile kalori ambazo ungetumia hata kama ungebaki nyumbani umekaa. Kwa hiyo namba ile ni makisio, na mara nyingi inazidi ukweli.

Fanyeni hesabu hii wenyewe. Mtu anayetembea kilometa 5 kwa saa katika njia ya tambarare anatumia karibu kalori tatu na nusu kwa kila kilo yake kwa saa. Mtu wa kilo 80 atatumia 280 kwa saa, au 140 kwa nusu saa. Akitembea hivyo siku tano, ni 700 kwa juma.

Sasa tazameni upande wa pili. Chupa kubwa ya bia, ile ya sentilita 72, ina kalori karibu 300. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya mawese kina karibu 120. Mwenzetu alikuwa akishuka kwenye baiskeli na kwenda kunywa chupa mbili, akisema, «Nimekwisha kulipa.» Chupa mbili ni 600! Jasho lote la jioni lilirudi kabla hajafika nyumbani.

JE, UZEE NDIO UNAOLETA TUMBO?

Watu husema kwamba mtu akipita miaka 40 moto wa mwili unazimika. Mwaka 2021 mwanasayansi Herman Pontzer na wenzake walitoa matokeo ya kupima watu wengi wa nchi mbalimbali. Waliona kwamba, ukilinganisha kwa ukubwa wa mwili, moto huo haubadiliki sana tangu miaka 20 hadi 60. Kinachobadilika kwa wengi wetu ni kazi, kiti, sahani na chupa.

Pontzer huyohuyo, mwaka 2012, alitoa habari nyingine kutoka kwa jirani zetu wa Tanzania. Yeye na wenzake waliwapima Wahadza, wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Watu hao wanatembea sana kila siku. Lakini kalori wanazotumia kwa siku nzima hazikupita zile za watu wa Marekani na Ulaya wenye mwili sawa na wao. Anavyoeleza Pontzer, mtu akizoea kazi nyingi mwili hubana matumizi mahali pengine, kama mama anayebana franga za nyumba mwisho wa mwezi.

Basi, je, mazoezi ni bure? Hapana! Mwaka 1953 daktari Jerry Morris alichapa uchunguzi wa wafanyakazi wa mabasi ya London. Madereva walikaa siku nzima. Wakata tiketi walipanda na kushuka ngazi za mabasi ya gorofa. Ugonjwa wa moyo ulionekana zaidi kwa madereva. Kampuni moja, basi moja, tofauti ni kiti na ngazi.

Somo ni hili: tumbo hupunguzwa zaidi kwenye sahani na chupa. Mazoezi yanalinda moyo, tansio, sukari ya damu na usingizi. Anayefukuza kalori peke yake atakata tamaa, au atajiumiza.

LENGO LIWE DAKIKA NA PUMZI

Shirika la Afya Duniani, katika mashauri yake ya mwaka 2020, linawaambia watu wazima wafanye mazoezi ya kadiri dakika 150 hadi 300 kwa juma, au ya nguvu dakika 75 hadi 150. Aliyekaa muda mrefu asianzie hapo. Afuate hatua hizi:

1. Kwanza, pima tansio na sukari. Hii ndiyo hatua niliyomrukisha mwenzetu. Usiione ni ndogo.

2. Juma la kwanza, dakika 10 tu, siku tatu. Kila juma ongeza dakika 5 kwa kila siku ya mazoezi. Ukifika dakika 30, ongeza siku mpaka ziwe tano.

3. Anza polepole dakika chache, na maliza polepole. Usisimame ghafula.

4. Sikiliza pumzi yako. Ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, mwendo ni mzuri. Usipoweza kusema maneno matatu, punguza.

5. Mwenye kujua kuhesabu mapigo ya moyo atoe umri wake katika 220. Kwa miaka 47 inabaki 173. Mazoezi ya kadiri ni kati ya mapigo 110 na 130 kwa dakika. Lakini hesabu hii ni ya kukisia, na dawa nyingine za tansio hupunguza mapigo. Anayezimeza afuate pumzi, na amuulize daktari.

6. Aliyetoka kusukuma na kubeba shimoni zamu nzima amekwisha kufanya kazi ya mwili. Anahitaji maji, chakula na usingizi, si mashindano ya baiskeli.

MASHINI YETU YA BURE

Asiye na franga za chumba cha mazoezi asihuzunike. Butembo ni mji wa vilima, na sisi wa Mususa tunajua miteremko yake. Kupanda kilima kwa mwendo wa kawaida kunatosha kuleta pumzi tuliyoeleza. Wasukuma chukudu wanatufundisha hilo kila asubuhi. Mama anayelima shamba kwa nusu saa, naye ahesabu dakika zake. Lakini tembeeni mchana, watu wawili au watatu pamoja, katika njia mnazozijua. Usalama ni sehemu ya afya.

ALAMA ZA HATARI

Acha mara moja, hata kama imebaki kalori moja, ukisikia: kifua kubanwa, maumivu yanayokwenda mkononi, shingoni au kwenye taya, kizunguzungu, jasho baridi, pumzi kukatika hata ukisimama. Kaa chini, ita mtu, upelekwe hospitali. Usiende peke yako, na usingoje kesho.

TUKUMBUKE

Namba ya mashini ni makisio. Dakika ni za kweli. Pumzi haidanganyi. Sahani na chupa zina neno kubwa kuliko baiskeli.

Mwenzetu sasa anafunika namba za kalori kwa kitambaa chake na kutazama saa tu. Chupa amezipunguza hadi moja, siku ya Jumamosi. Mkanda umerudi tundu moja. Juma lililopita tansio yake ilikuwa 13 kwa 8.

Kazi ya nyumbani: kila mwenye miaka 40 na zaidi ajiulize, lini nilipimwa tansio mara ya mwisho? Asiyekumbuka, mlango wa dispensari uko wazi. Safari hii sitamsifu mtu kabla ya kumfunga kipimo mkononi.