Kamera ya Ulinzi Dukani: Je, Uso Utatambulika?

Mfanyabiashara mdogo aliyevunjiwa duka, hali alikuwa amekwisha kufunga kamera, aghalabu hupatwa na masikitiko mawili. La kwanza ni kupotea kwa mali. La pili humjia pale anapoketi mbele ya kioo pamoja na askari wa upelelezi, picha ikarudishwa nyuma hadi saa ya tukio, akaona umbo la mtu likiingia, likibeba bidhaa na kutoweka, na uso wake ni doa jeupe lisilo na macho wala pua. Kamera ilikuwa ikifanya kazi, na waya zilikuwa zimeunganishwa barabara. Kosa lilitendeka zamani, siku ya ununuzi, pale kamera ilipochaguliwa kabla ya kuulizwa swali la msingi: ni kitu gani hasa kinachotakiwa kuonekana, na mahali gani?

Kamera ya mtandao ni kamera ambayo ndani yake imo kompyuta ndogo. Lenzi hukusanya nuru juu ya kibamba chenye vihisio. Kompyuta huigeuza nuru hiyo kuwa tarakimu, huzibana tarakimu zisichukue nafasi kubwa, kisha huzipeleka kwa waya wa aina ile ile itumiwayo na kompyuta za ofisini. Asili yake ina mzaha kidogo. Mwaka 1991 wataalamu wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, waliielekeza kamera kwenye chombo cha kahawa, ili kila mmoja aone akiwa mezani pake kama kahawa ipo, asitembee bure na kukuta chombo kitupu. Mwaka 1996 kampuni ya Axis, ya mji wa Lund nchini Sweden, ilianza kuuza kamera iliyounganishwa moja kwa moja na mtandao. Ilipotakiwa kutoa picha kubwa, ilihitaji sekunde 17 kwa picha moja. Kamera za bei nafuu za siku hizi hutoa picha 25 kwa kila sekunde, na pengine ndiyo sababu wanunuzi hudhani kwamba kamera yoyote itafaa.

Picha ya kamera ni mkusanyiko wa nukta, ziitwazo pikseli. Kamera ya megapikseli 2 hutoa nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa urefu. Idadi hiyo haibadiliki, iwe kamera inatazama mlango mmoja au uwanja mzima wa mpira. Kwa hiyo jambo la kupima ni nukta ngapi zinaangukia kila mita ya mahali panapotazamwa. Kanuni za kimataifa za kamera za ulinzi zimeweka viwango: nukta 25 kwa mita zinatosha kujua kwamba pana mtu; nukta 125 humwezesha mtu kumtambua yule anayemfahamu tayari; na ili mtu asiyejulikana aweze kutambulishwa bila shaka, zinatakiwa nukta 250 kwa mita. Uso wa mtu una upana wa sentimita 16 hivi. Kwa kiwango hicho cha mwisho uso hupata nukta 40 kutoka upande hadi upande, na kwa kiwango cha kwanza hupata nukta 4 tu.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Nukta 1920 zikigawanywa kwa 250 hupatikana mita 7.68. Huo ndio upana mkubwa kabisa ambao kamera ya megapikseli 2 yaweza kuutazama na bado ikatoa uso wa kutambulika. Ama lenzi, katika kamera nyingi za aina hiyo lenzi ya milimita 2.8 huona upana ulio karibu mara mbili ya umbali. Ya milimita 6 huona upana ulio karibu sawa na umbali. Ya milimita 12 huona karibu nusu yake. Basi lenzi ya milimita 2.8, ambayo ndiyo huuzwa kwa wingi kwa sababu huonyesha duka zima, haitambulishi uso uliozidi umbali wa mita 4 hivi.

Mathalani, liwepo duka la vifaa vya ujenzi lenye upana wa mita 6 na kina cha mita 10. Desturi ya mafundi wengi ni kufunga kamera moja katika pembe ya nyuma, juu kabisa, ili iangalie hadi mlangoni. Kwa lenzi ya milimita 2.8, upana unaoonekana kwenye umbali wa mita 10 ni mita 20. Nukta zilizoangukia kila mita mlangoni ni 96 tu, na uso wa aingiaye hupata nukta 15. Nukta nyingine zote zinapiga picha ya kuta. Kamera hiyo hiyo ikipewa lenzi ya milimita 12, huona mlango peke yake, kwa nukta zaidi ya 380 kwa mita, kwa gharama isiyotofautiana sana. Duka kama hilo linahitaji kamera ya mlango, kamera ya kaunta na droo ya fedha, na ya tatu, yenye lenzi pana, ya kuonyesha mienendo ya watu kwa jumla. Kumwuliza muuzaji kamera ina megapikseli ngapi, bila kutaja lenzi, ni kama kununua kitambaa kwa kuuliza rangi tu.

Kimo nacho kina hesabu yake. Kamera iliyowekwa juu sana huona kofia na utosi. Ikiwa kimo cha mita 2.4, na mlango uko umbali wa mita 4, pembe ya kutazama chini huwa kama nyuzi 12, na uso huonekana wote.

Nuru ndiyo huharibu hesabu hizi zote. Kamera inayotazama mlango uliofunguka kuelekea barabara yenye jua kali hupima ukali wa jua, ikajifinya, na kila aingiaye akawa kivuli cheusi. Zipo kamera zinazopiga picha mbili au zaidi kwa nuru tofauti na kuziunganisha, na kwa mlango wa namna hiyo inafaa kulipia uwezo huo. Usiku taabu ni kinyume chake. Kamera huwacha vihisio vipokee nuru kwa muda mrefu zaidi. Mtu anayetembea kwa mwendo wa mita 1.4 kwa sekunde, akikatiza mbele ya kamera, husogea sentimita 5.6 katika sehemu ya 25 ya sekunde. Kwa nukta 250 kwa mita hizo ni nukta 14 za ukungu juu ya uso wenye nukta 40. Muda ukifupishwa hadi sehemu ya 100 ya sekunde, ukungu hubaki nukta 3 au 4. Lakini ili muda ufupishwe lazima nuru iongezwe, na taa ya kawaida iliyoachwa ikiwaka juu ya mlango hufanya kazi hiyo. Taa za infraredi zilizomo ndani ya kamera, ambazo jicho la mtu halizioni au huziona kama wekundu hafifu, husaidia kwa mita chache. Zikiwa nyuma ya kioo cha dirisha huakisiwa na kuipofusha kamera yenyewe, na buibui hupenda kutanda mbele yake kwa kufuata wadudu.

Waya mmoja wa mtandao waweza kupeleka picha na umeme pamoja. Kanuni ya mwaka 2003 inaruhusu wati 15.4 kuanzia swichi, ambazo kati yake wati 12.95 huhakikishwa kuifikia kamera, na urefu usizidi mita 100. Madukani huuzwa pia waya wa bei rahisi ambao kiini chake ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Ukinzani wake ni mkubwa na umeme hupotea njiani. Kuukwangua kwa kisu kunatosha: ndani ukionekana weupe, si shaba tupu.

Picha zikibanwa hadi biti milioni 2 kwa sekunde, kamera moja hujaza gigabaiti 21.6 kwa siku. Kamera nne kwa siku 30 zinahitaji diski ya terabaiti 2.6 hivi, kwa hiyo inunuliwe ya terabaiti 3 au 4. Mashine ya kurekodi isikae chini ya kaunta, kwani mwizi mjanja huanza na hiyo. Iwekwe katika kabati lenye kufuli na kupitisha hewa, pamoja na betri ya akiba. Betri ya volti 12 na saa-ampea 7 ina wati-saa 84. Ikibeba mzigo wa wati 45, kwa vitendo haitazidi saa moja sana, na wezi wengine husubiri umeme ukatike.

Hatari moja haionekani kwa macho. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai iliziteka kamera na mashine za kurekodi kwa maelfu, kwa kujaribu tu orodha fupi ya majina na maneno ya siri yanayotoka kiwandani. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilitumiwa kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na tovuti nyingi kubwa zikawa hazifikiki. Wenye maduka ambao kamera zao zilishiriki yaelekea hawakujua lolote. Neno la siri la kiwandani libadilishwe kabla kamera haijaunganishwa na intaneti, programu yake isasishwe, na ruta isifungue mlango wa moja kwa moja kutoka nje. Neno hilo likae kwa mwenye duka. Fundi asiwe ndiye pekee anayelijua.

Picha za watu ni taarifa zao. Nchini Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Tangazo liwekwe mlangoni, na kamera isielekezwe chumba cha kujaribia nguo wala ua wa jirani. Saa ya mashine nayo isahihishwe, maana picha yenye saa ya uongo huleta mabishano mahakamani hata kama uso ni dhahiri.

Kazi ya kufunga ikimalizika, jaribio lifanyike usiku, taa zikiwa kama zitakavyokuwa duka likifungwa. Mtu ambaye mwenye duka hamfahamu apite mlangoni kwa mwendo wa kawaida, kisha picha iliyorekodiwa, wala si ile inayoonekana papo hapo, itazamwe na kulinganishwa na nyuso za watu watano waliosimama nje. Akishindwa kumchagua, kamera isogezwe au lenzi ibadilishwe usiku ule ule, kabla fundi hajalipwa salio lake.