Delko ya Motokari: Tafuta Kwanza, Ndipo Utengeneze



Mnakumbuka usiku ule wa mvua kubwa, mtoto mmoja wa mwaka wa pili alipokuwa na homa kali katika interna, na kamionete ya masomo ikakataa kuwaka. Tuliisukuma mpaka kiwanja cha mpira, tukairudisha. Demarera ilizunguka mpaka batiri ikachoka. Mwisho tulimbeba mgonjwa kwa machela, kilometa saba, mpaka hospitali. Alipona, nasi tunashukuru. Lakini asubuhi shofere alifungua kapo, akatoa kofia ya delko, akaipanguza kwa kitambaa kikavu, akatia batiri nyingine. Motokari ikawaka mara moja.

Kuko neno ambalo si wote wanalijua. Mchana wa siku ile ni sisi wenyewe, tunaoandika hapa, tuliosha mashini kwa ndoo ya maji kusudi ing'ae mbele ya wageni. Tuliona klipu moja ya kofia ya delko haikufunga vizuri, tukanyamaza. Basi somo hili ni deni letu kwenu.

1. Delko inafanya kazi gani?

Jina lenyewe limetoka Marekani. Mwaka 1909 Charles Kettering na mwenzake Edward Deeds walianzisha kampuni katika mji wa Dayton, iliyoitwa Dayton Engineering Laboratories Company. Ukikusanya herufi za kwanza unapata Delco. Wasemaji wa Kifaransa wakazoea kuita kifaa chenyewe hivyo, na sisi tukawafuata.

Batiri inatoa volti 12 tu. Hizo haziwezi kurusha cheche ndani ya silinda. Kwa hiyo umeme unapita kwanza katika bobini. Visi platine, zilizo ndani ya delko, zikifungana, umeme unapita. Zikiachana, umeme unakatika kwa ghafula, na bobini inatoa volti elfu nyingi. Nguvu hiyo inapita kwa waya wa katikati, inaingia katika kofia, inashuka kwa kale kamakaa kadogo mpaka kidole kinachozunguka. Kidole kinaigawanya: bugi hii, kisha ile, kila moja kwa zamu yake.

Hesabu kidogo: mashini ya silinda 4 ikizunguka mara 3 000 kwa dakika, delko inazunguka mara 1 500, na kila mzunguko unatoa cheche 4. Ni cheche 6 000 kwa dakika, maana yake 100 kwa sekunde! Kwa hiyo unyevu kidogo tu unaweza kuharibu kazi yote.

2. Ginsi ya kutafuta ubovu

Usibadilishe kitu kwa kubahatisha. Fuata njia ya umeme.

a) Ondoa vitesi, funga breki ya mkono, hakikisha hakuna esansi iliyomwagika. Chomoa waya wa katikati kwenye kofia ya delko. Ushike kwa pensi yenye mpini wa plastiki, kamwe si kwa mkono mtupu, ncha yake ikae karibu milimita 5 na chuma cha mashini. Mwenzako azungushe demarera.

b) Cheche ya buluu yenye nguvu ikiruka, bobini na visi platine ni nzima. Ubovu uko mbele: kofia, kidole, waya za bugi au bugi zenyewe. Panguza kofia ndani na nje. Tazama kama kuna ufa, au mstari mweusi mwembamba kama wa kalamu ya risasi. Huo ni njia ambayo umeme umejichimbia. Kupanguza hakutoshi, kofia ibadilishwe. Kamakaa ka katikati kasukumwe kidogo: lazima karudi kenyewe.

c) Cheche isiporuka, au ikiwa dhaifu na ya manjano, rudi nyuma. Tazama visi platine: zina mafuta? zimeungua? Pima nafasi yake wakati zimeachana kabisa. Kwa motokari nyingi za silinda 4 ni karibu milimita 0,4, lakini soma kitabu cha motokari yako. Zikiungua upesi, na cheche kubwa ikionekana katikati yake, shitaki kondasateri.

d) Ukibadilisha nafasi ya visi platine, pima tena wakati wa cheche. Nafasi ikiongezeka, cheche inatangulia na mashini inaweza kugonga; ikipungua, cheche inachelewa, nguvu inapungua na joto linapanda.

3. Mambo matatu ya kuangalia

Kwanza, usichomoe waya zote za bugi pamoja bila kuzitia alama. Zamu ya mashini nyingi za silinda 4 ni 1-3-4-2, lakini Volkswagen ile ya kobe ni 1-4-3-2. Ukichanganya, motokari itapiga risasi kwa ekzosti na haitatembea.

Pili, jaribio la cheche tulilolieleza ni la motokari za zamani zenye visi platine. Zenye alimaji ya elektroniki usizijaribu hivyo: utaharibu kifaa, na umeme wake ni wa hatari. Dizeli nayo haina delko wala bugi za cheche.

Tatu, ukiosha mashini, funika delko kwa plastiki. Na ukiona klipu haikufunga, sema! Kusema kungetuchukua dakika moja. Kunyamaza kulimchukua mtoto mgonjwa kilometa saba usiku, kwa mabega ya wenzake.

Maulizo ya kujipima

1. Cheche ni nzuri kwenye waya wa katikati, lakini bugi zote hazina cheche. Utatazama nini kwanza?
2. Mashini ya silinda 6 ikizunguka mara 2 000 kwa dakika, ni cheche ngapi kwa sekunde?
3. Sababu gani kuisukuma motokari usiku ule hakukusaidia kitu?

Majibu yatiwe katika sanduku la gazeti letu mbele ya Ijumaa. Mwalimu wa mekanike amekubali kuyasahihisha, pamoja na makosa yetu kama yako.