Tazama Jicho la Kondoo Wako

Mkulima, je, umepata kumkuta kondoo wako amekufa asubuhi, naye jana alikuwa mnene na akila majani? Majirani watasema ameumwa na nyoka. Huenda ni kweli, lakini wakati wa mvua mara nyingi mwuaji ni mnyoo anyonyaye damu.

Mnyoo huyu hukaa katika tumbo la nne la kondoo. Ni mwembamba kama uzi, mwekundu na mweupe umesokotana. Mmoja hunyonya damu kidogo sana, lakini minyoo 5,000 huweza kumaliza karibu robo lita kwa siku. Jike hutaga maelfu ya mayai kila siku, nayo hutoka na mavi yakabaki malishoni. Katika skimu eka ni chache na kondoo hurudi kula palepale, basi ugonjwa huongezeka upesi.

Wafugaji wengi hungoja mpaka kondoo ahare. Hapo ndipo wanapokosea, maana mnyoo huyu kwa kawaida haharishi. Dalili iko jichoni, na kuisoma hujifunzi kwa maneno bali kwa mikono.

Mtoe kondoo juani. Ndani ya boma rangi hukudanganya. Mtu mmoja amshike. Kwa kidole gumba shusha ukope wa juu ufunike jicho, ukandamize polepole, kisha kwa gumba la mkono wa pili vuta ukope wa chini. Tazama utando wa ndani mara moja, usikawie, kwani ukiuacha wazi huzidi kuwa mwekundu. Ukiwa mwekundu, kondoo ana damu ya kutosha. Ukiwa mweupe, mpe dawa leo leo. Ukiwa katikati, kama rangi ya waridi, wape dawa wana-kondoo na majike wenye mimba. Papasa na chini ya taya: uvimbe laini hapo ni alama mbaya.

Njia hii ilianza Afrika Kusini katika miaka ya 1990, pamoja na kadi ya rangi 5 ya kulinganishia. Faida yake ni kwamba huwapi dawa kondoo wote. Minyoo ikizoea dawa haifi tena, na fedha zako zimepotea. Pima uzito kwa mizani, kwa maana anayekisia kwa macho mara nyingi hutoa dawa pungufu. Unapomnywesha usimwinue kichwa juu, dawa isije ikaingia mapafuni.

Ninyi wa Kinangop wenye malisho ya majimaji, jueni kwamba jicho jeupe huweza pia kuletwa na minyoo ya ini, ambayo dawa yake si kila dawa ya minyoo. Mwulize Bwana Mifugo kabla ya kununua. Mkienda katika chuo cha wakulima, kama kile cha Njabini, ombeni mshikishwe kondoo wenyewe, msikae darasani tu.

Mvua ikiendelea, rudia kutazama macho kila baada ya majuma 2.